Uzamili wa utafiti wa tiba: kabla hajachagua chuo, achague ugonjwa

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Mdogo wako kamaliza shahada ya sayansi ya maabara, anataka uzamili wenye utafiti, na wewe umepitia orodha za vyuo bora duniani ukakuta vya kwetu viko chini huko. Sasa unauliza kama abaki hapa au mkope aende nje. Wengi humu wamekutajia majina ya vyuo wakaondoka. Mimi nimefanya kazi kwenye miradi ya utafiti wa damu hapa Dar, kwanza maabara, baadaye kwenye kufuatilia wagonjwa, kwa hiyo nitakujibu kwa upande huo ninaoujua.

Zile orodha zinakipima chuo kizima kwa mpigo. Chuo hakina nguvu kila mahali, kina nguvu kwenye magonjwa mawili matatu ambayo watu wake wameyakalia miaka mingi. Ukiniuliza Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili (MUHAS) ni wazuri kwenye nini, nitakwambia sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kufikiri mara mbili. Nchi hii inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Hospitali ya taifa ya rufaa ipo pua na mdomo na chuo, wagonjwa wanakuja wenyewe. Ila mgonjwa kuja ni jambo moja, kumwandikisha na kuendelea kumjua yuko wapi ni jambo lingine kabisa.

Hapo ndipo kazi ya Profesa Julie Makani, mtafiti wa sikoseli, na wenzake hapo Muhimbili inaponivutia. Walianza kuandikisha wagonjwa mwaka 2004, na kufikia 2009 walikuwa nao 1,725. Matokeo waliyochapisha 2011 yalionyesha vifo 86, sawa na vifo 1.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, na kwa watoto chini ya miaka mitano kiwango kilipanda hadi 7.3. Kabla ya hapo ukiuliza watoto wetu wa sikoseli wanakufa kwa kiasi gani, unajibiwa kwa makadirio.

Lakini tarakimu ninayoipenda kwenye kazi hiyo ni nyingine: wagonjwa 209 walipotea kwenye ufuatiliaji, yaani asilimia 12. Asiyejua ataona ni wengi. Aliyewahi kutafuta mgonjwa Mbagala kwa karatasi iliyoandikwa "nyuma ya msikiti, ulizia mama Zuhura wa vitenge" ataelewa. Namba ya simu haipatikani, mwenye nyumba anasema walihama mwezi wa Ramadhani, jirani anakutazama akidhani unadai hela ya kikoba. Aliyepotea anaweza kuwa kahamia Tanga akiwa mzima, anaweza pia kuwa kafariki, na usipomtafuta hesabu yako ya vifo inakuwa ya uongo. Fomu zetu zilikuwa na nafasi ya namba ya ndugu wawili na jina la mjumbe wa nyumba kumi, na siku nyingi mjumbe ndiye aliyetuokoa. Chuo chenye watu wa kazi hiyo, waliokaa, wanaolipwa hata mfadhili mmoja akiondoka, hicho ndicho chuo chenye utafiti. Mashine inanunuliwa.

Na ukishakuwa na wagonjwa unaowajua, ndipo sayansi kubwa inawezekana. Damu za wagonjwa hao hao zimetumika kuchunguza jeni zinazomfanya mtu abaki na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya utotoni, ile inayopunguza makali ya sikoseli. Moja ya jeni hizo ni BCL11A. Ile tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 inafanya kazi kwa kuigusa hiyo hiyo. Bei yake tusiiongelee, tutalia.

Kama mdogo wako moyo wake uko kwenye magonjwa yanayotoka kwa wanyama, aipite Muhimbili aende Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Wengi wanaijua kwa panya buku wa APOPO, shirika lenye asili ya Ubelgiji lililoweka makao hapo tangu 2000. Wale panya wananusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu (TB), ambayo zahanati zimeshayapima kwa hadubini. Panya akisimama juu ya tundu lenye sampuli sekunde tatu hivi, sampuli hiyo inarudiwa maabara, na kwa njia hiyo wagonjwa wa TB wanaogunduliwa wameongezeka kwa takribani asilimia 40 kwenye zahanati wanazoshirikiana nazo. Watu hucheka, mimi sicheki. SUA pia ndiyo inayolea SACIDS, kituo kinachowaweka madaktari wa watu na wa mifugo meza moja.

Sasa vitu vya kuuliza kabla ya kulipa ada, popote aendapo, iwe hapa au Ulaya. Msimamizi wake ana mradi unaoendelea, au atamwambia "tafuta mada mwenyewe"? Wanafunzi waliopita majina yao yamo kwenye makala za utafiti, na nafasi ya ngapi kwenye orodha ya waandishi? Friza za nyuzi hasi 80 za kuhifadhia sampuli zina jenereta, na nani anaamka usiku umeme ukikatika? Kibali cha maadili ya utafiti, cha chuo na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kinachukua muda gani kwao? Hiki cha mwisho kimewala watu mwaka mzima, ada inasoma, data hakuna.

Na aulize sampuli zinachambuliwa wapi. Kuna mradi mmoja, siutaji, tulitoa damu, tukahojiana na wazazi, tukapakia kwenye barafu kavu, zikapanda ndege. Makala ilipotoka, aliyekaa na zile sampuli miezi yote hiyo aliwekwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho, jina limekosewa herufi. Mwanafunzi akienda sehemu ya namna hiyo atarudi na cheti, ujuzi umebaki uwanja wa ndege.

Kwa hiyo kwenda nje sikatai. Wengi wa wakubwa wetu wamesomea uzamivu huko huku data wakikusanya hapa, na mpango wa namna hiyo, nusu hapa nusu kule, ndio ningemtafutia kwanza kabla ya mkopo. Aniandikie ugonjwa anaoutaka. Kama ni wa damu nitamwelekeza aanzie mlango upi, kama ni wa mifugo kuna wakuu wa Morogoro humu wananizidi.