Majina ya askari wa vita vya kisaikolojia kwenye ukuta wa Vietnam

Umeuliza kama askari wa vita vya kisaikolojia, yaani wale wa kumshawishi adui kwa maneno, wamo kwenye ukuta wa Vietnam. Wamo, ndugu. Askari wa Marekani wa vita vya kisaikolojia waliouawa Vietnam wameandikwa kwenye ule ukuta mweusi wa kumbukumbu wa Washington uliozinduliwa 1982, ila hawana sehemu yao peke yao. Majina zaidi ya 58,000 yamepangwa kwa tarehe, bila cheo wala kikosi. Mbunifu wake, Maya Lin, ndiye aliyeutaka mpangilio huo. Kwa hiyo ukitafuta kwa jina la kikosi hutaambulia kitu. Tafuta jina la marehemu kwenye orodha ya kialfabeti iliyowekwa pale, itakupa namba ya bamba na ya mstari. Angalia pia: aliyejeruhiwa akafa baadaye hospitalini huwekwa kwa tarehe ya kujeruhiwa.

Na wale wanaosema kwamba askari hao "walikuwa watu wa ofisini tu" wanawakosea sana marehemu. Kundi la 4 la vita vya kisaikolojia la jeshi la Marekani, lililoanzishwa 1967, lilikuwa na timu ndogo za vipaza sauti zilizoingia porini pamoja na askari wa miguu, zikiwaita wapiganaji wa upande wa pili wajisalimishe. Ukishapaza sauti, adui ameshajua ulipo. Ndege za matangazo nazo ziliruka chini, zikipigwa risasi kutoka ardhini. Ila wengi waliozirusha walikuwa wa Jeshi la Anga, kwa hiyo usiwatafute kwenye kumbukumbu za Kundi la 4.