Kijana karudi kazini, folda inamkataa

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari Sinza, kompyuta moja ya Windows 11 Home, vijana wawili wanapokezana zamu. Mmoja aliacha kazi mwezi Machi nikafuta akaunti yake. Sasa amerudi, nimemfungulia nyingine kwa jina lile lile, juma, na nywila ile ile, lakini folda ya oda iliyo diski D inamwambia hana ruhusa. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole, dada yangu. Jina umelipatia, tatizo ni kwamba Windows haiangalii jina. Akaunti inapofunguliwa hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ruhusa za folda huandikwa kwa namba hiyo. Jina ni la kutusaidia sisi binadamu. Hapa Dar akina Juma Hamisi wako wangapi? NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, hawababaiki, kila mmoja ana namba yake. Kwa kompyuta yako, Juma wa sasa ni mgeni kabisa, amefanana jina tu na yule aliyeondoka.

Thibitisha mwenyewe. Bofya kulia kwenye folda, chagua Properties, kisha Security. Utakuta mstari wa namba ndefu usio na jina la mtu, pengine mbele yake pameandikwa Account Unknown. Huyo ndiye Juma wa Machi, na namba yake hairudi hata ukifungua akaunti mara mia.

Ingia kwa akaunti yako ya msimamizi. Hapo kwenye Security bonyeza Advanced, na penye Owner bonyeza Change, ujiandike wewe kuwa mwenye folda. Kitatokea kisanduku cha kushusha badiliko hilo hadi folda za ndani. Kitie tiki. Wengi hukiruka, halafu wananipigia simu jioni kwamba folda imefunguka ila vilivyomo bado vinagoma.

Kisha usimpe Juma ruhusa kwa jina lake, maana huko ndiko mlikotoka. Tengeneza kundi. Toleo la Home halina dirisha la kusimamia makundi, kwa hiyo fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, uandike:

net localgroup Wauzaji /add
net localgroup Wauzaji juma /add

Rudi kwenye Security ya folda, ongeza Wauzaji, wape Modify, yaani haki ya kusoma, kubadilisha na kufuta. Akija kijana mwingine kesho unamwingiza kwenye kundi, folda huigusi tena. Mtego mmoja: kama Juma alikuwa ameshaingia kwenye kompyuta wakati unamwongeza, haki mpya hazitamfikia mpaka atoke aingie upya. Kufunga kifuniko cha laptopu si kutoka.

Mtu akiacha kazi siku nyingine, usifute akaunti. Izime:

net user juma /active:no

Akirudi unaweka yes badala ya no. Namba yake iko pale pale, na ruhusa zake zote.

Kuna jambo hukuuliza, ila kwa steshenari siwezi kulinyamazia. Kutwa nzima wateja wanaleta flashi za kuchapisha CV, na flashi hizo hazitoki mikononi mwa malaika. Kirusi kikimkuta kijana mwenye haki za msimamizi, nacho kinazipata. Andika net localgroup Administrators uone waliomo. Jina lako litakuwemo, na la Administrator iliyokuja na Windows. Ukimkuta Juma humo, mweke kwanza kwenye kundi la kawaida, ndipo umtoe:

net localgroup Users juma /add
net localgroup Administrators juma /delete

Fuata mpangilio huo huo, kwani asiyekuwemo Users wala Administrators huenda asilione hata jina lake pale pa kuingilia. Na neno delete lisikushtue: hapo linamtoa kwenye kundi tu, akaunti inabaki.