Jibu: Kufuatiliwa hospitali ya umma baada ya kujilipia upasuaji wa kupunguza uzito

Dada, umeuliza kama hospitali ya umma itakukataa kwa sababu ulijilipia upasuaji kwingine. Usiende ukijitetea. Wewe ni mgonjwa kama wengine, na pesa ulizolipa hazikufuti kwenye orodha ya wanaostahili huduma.

Kinachokwamisha watu wengi ni karatasi. Daktari asipojua ulikatwa tumbo la chakula tu au na utumbo ulipitishwa njia nyingine, atakupima kwa kubahatisha. Idai ripoti ya upasuaji kule ulikofanyiwa, pamoja na majibu ya damu ya kabla na baada. Nakala ubaki nayo.

Ukifika, omba vipimo kwa majina: wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, foleti (vitamini B9), vitamini D, kalsiamu. Hivi ni vya maisha yote, hata ukijisikia mzima (mimi nilijisikia mzima huku B12 ikishuka kimyakimya).

Ila ukitapika mfululizo kwa siku kadhaa, usingoje kliniki. Nenda dharura, uwatajie upasuaji na hatari ya upungufu wa vitamini B1 kwa sababu ya kutapika. Ukichelewa, upungufu huo huharibu ubongo na neva.