Kuhusu Chennai, uraia, na kile kisa cha wabunge 18

Mdogo wangu, ujumbe wako kwenye kundi la ukoo nimeusoma mara tatu, na mara zote nimeishia kuizima simu kwa hasira. Unasema rafiki yako amekuhakikishia kwamba Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, wanajali watu, kwamba chama chao cha jimbo kiliwahi kuiangusha serikali ya India kwa ajili ya kuwatetea ndugu zao Watamil wa Sri Lanka, na kwamba watu wa namna hiyo hawawezi kumwacha mgeni ahangaike, uraia ni suala la muda tu. Mama mdogo akaitikia amina. Baba akauliza mbona mimi sijaupata mpaka leo.

Nawajibu hapa hapa, wote msome.

Serikali haikuanguka. Nilikuwepo, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tarehe 19 Machi 2013 chama cha DMK cha mzee Karunanidhi kilijitoa kwenye serikali ya mseto ya Waziri Mkuu Manmohan Singh, kikaondoka na wabunge wake 18 na mawaziri watano. Walitaka azimio lililokuwa mbele ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kule Geneva litamke kwamba Watamil wa Sri Lanka walifanyiwa mauaji ya kimbari katika vita vilivyoisha 2009, na iundwe tume huru ya kimataifa. Siku moja kabla, mawaziri watatu wazito walipanda ndege kutoka Delhi kuja kumbembeleza mzee, wakaondoka mikono mitupu. Azimio likapita tarehe 21 kwa kura 25 dhidi ya 13, India ikiliunga mkono, lakini maneno "mauaji ya kimbari" hayamo na tume haimo. Serikali ikaegemea vyama vingine vilivyoiunga mkono kutoka nje, ikamaliza muhula wake hadi uchaguzi wa 2014.

Waliokuwa barabarani ni wanafunzi. Walianza wachache wa chuo cha Loyola kwa mgomo wa kula, baada ya siku chache jimbo zima likawaka. Kila ukuta ulikuwa na picha ya Balachandran, mtoto wa miaka 12 wa Prabhakaran, kiongozi wa Tamil Tigers, wapiganaji wa Kitamil waliopigana na serikali ya Sri Lanka. Ameketi kifua wazi ndani ya handaki anakula kitu kidogo mkononi, na picha ya pili amelala chini ana matundu ya risasi kifuani. Nilipita mbele ya picha hizo kila asubuhi nikienda kununua chai. Sijazizoea.

Mwenzangu wa darasani alinishika mkono akaniambia, "Wewe unatoka kwenye nchi inayopokea wakimbizi, njoo ukae nasi hemani kwenye mgomo hata saa moja." Nikakataa. Mgeni mwenye viza ya masomo akionekana kwenye maandamano anaweza kurudishwa kwao, nami nilifikiria ada ambayo Baba aliuza ng'ombe kuilipa. Yule kijana hakunilaumu, alirudi tu hemani, na mimi nikarudi chumbani nikakaa gizani mchana kweupe. Mnaniuliza nimejifunza nini ughaibuni? Nimejifunza kunyamaza, na sipendi kwamba nimekuwa hodari.

Kisha serikali ya jimbo ikafunga vyuo, bila kutaja siku ya kufungua. Kwa wenyeji ilikuwa likizo. Viza yangu ilikuwa inakwisha, na ili niongezewe muda ilinipasa kupeleka barua ya chuo inayothibitisha kwamba bado ni mwanafunzi wao. Barua hiyo husainiwa na mtu mmoja, na yeye alikuwa nyumbani kwake. Kwa siku tisa mfululizo nilikwenda getini saa tatu asubuhi nikakuta kufuli. Mlinzi akazoea kuniona, akawa ananipa kiti. Wiki hiyo hiyo mtawa wa Kibudha kutoka Sri Lanka alipigwa pale stesheni kuu ya Chennai, na siku mbili kabla mwingine alipigwa Thanjavur. Hakuna aliyenigusa mimi, niseme ukweli. Lakini mwenye nyumba wangu, ambaye kisheria lazima amripoti kila mgeni anayelala kwake, alianza kuniuliza kila jioni karatasi zangu zimefikia wapi, na nikawa nalala na pasi ndani ya foronya.

Sasa niwaambie kuhusu Akka, maana yeye ndiye jibu langu hasa.

Akka ni dada mkubwa kwa Kitamil. Alikuwa mpishi kwenye mgahawa wa wanafunzi nilikokuwa nakula kwa mkopo siku zile. Alivuka bahari kwa boti mwaka 1990 akiwa msichana, vita vilipoanza upya kwao kaskazini mwa Sri Lanka, na tangu hapo ni mkazi wa kambi ya Puzhal, pembeni ya jiji hili. Ana kadi ya mkimbizi aliyoikunja ndani ya nailoni mbili na kuifunga kwa uzi mweusi. Siku ya kuhesabiwa kambini haji kazini kabisa, hata akiwa na homa lazima aonekane kwa maofisa.

Tarehe 19 ile tulikuwa tunatazama habari kwenye televisheni ya mgahawani. Watu wakapiga makofi. Akka alikuwa anachambua dengu, hakuinua kichwa. Nilipomuuliza baadaye, alinisimulia kama anayehesabu madeni.

Oktoba 2008, jeshi la Sri Lanka lilipokuwa linasonga mbele kwenye maeneo ya Watamil, Karunanidhi alikuwa Waziri Mkuu wa jimbo na chama chake kilikuwa ndani ya serikali ya Delhi. Vyama vya Tamil Nadu vikakutana, vikatoa wiki mbili: Delhi isimamishe vita, la sivyo wabunge wote wa jimbo watajiuzulu. Waziri wa Mambo ya Nje wa India akaja Chennai kwa mazungumzo, hakujiuzulu mtu. Januari 2009 mwandishi kijana, Muthukumar, akajichoma moto mbele ya jengo la serikali kuu hapa Chennai akiomba vita visimamishwe. Tarehe 27 Aprili mzee mwenyewe akajilaza ufukweni Marina kugoma kula, akaacha baada ya saa chache kwa sababu Sri Lanka ilitangaza haitatumia tena silaha nzito. Jimbo likapiga kura 13 Mei. Vita vikaisha siku tano baadaye, na jopo la Umoja wa Mataifa lilikuja kuandika mwaka 2011 kwamba huenda raia hadi 40,000 walikufa katika miezi ile ya mwisho. DMK ikapata viti vyake 18, ikarudi kwenye baraza la mawaziri kabla mwezi haujaisha. Hao 18 ndio waliojitoa mwaka 2013, miaka minne baada ya wafu kuzikwa.

Akka alikuwa na kaka yake kule, mwaka 2009. Hajui alipofia.

Sitaki msome hapa kwamba watu wa Tamil Nadu ni wanafiki. Si kweli. Wale wanafunzi walilia machozi ya kweli. Delhi nayo ina kidonda chake: Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani, aliuawa na hao hao Tamil Tigers mwaka 1991, pale Sriperumbudur, mwendo wa saa moja na kitu kutoka ninapoishi. Ninachosema ni kwamba kulia kwa ajili ya mtu na kumpa karatasi ni mambo mawili, na nimeishi kwenye mji ambako la kwanza lipo tele na la pili halipo. Mtoto wa Akka alizaliwa hapa mwaka 1994. Sheria ya India inasema aliyezaliwa kuanzia 1 Julai 1987 si raia kwa kuzaliwa, ila kama mzazi wake mmoja alikuwa raia wakati huo. Amesoma uhandisi, anaongea Kitamil cha Chennai kuliko mimi ninavyoongea Kibende cha bibi, na leo anapaka rangi kuta za magorofa kwa kibarua. Mwaka 2019 Delhi ikatunga sheria ya kuwapa uraia wakimbizi wasio Waislamu wa nchi tatu za jirani, Sri Lanka haimo. Mwaka 2021 jimbo likabadilisha jina la makambi, likaahidi nyumba bora. Akka alifurahia nyumba. Kadi ni ile ile.

Kwa hiyo Baba, swali lako la uraia: ningehitaji miaka 12 ya kukaa ndipo niombe, na India haikubali uraia pacha, Tanzania pia haikubali. Ningelazimika kuirudisha pasi ya Tanzania. Mimi leo ni mkalimani wa wagonjwa wanaotoka Afrika Mashariki, viza yangu imefungwa kwa mwajiri mmoja na huhuishwa kila mwaka. Mwajiri akichelewesha barua, nakuwa yule yule wa getini. Mwaka jana nilipokosa kutuma fedha za paa, mkanuna miezi miwili, fedha hizo zilikuwa zimekwama hapo.

Mdogo wangu, usije. Nakwambia kama niliyekubeba mgongoni, usije kwa sababu ya hadithi ya umoja.

Ila vyuo hapa vinafundisha kweli, na ada bado nafuu kuliko Ulaya. Ukipata nafasi njoo, usiniulize mara ya pili. Ukifika, jiandikishe uhamiaji ndani ya wiki mbili, usingoje wakusukume. Barua ya chuo iombe miezi mitatu kabla, hata wakikucheka. Usiingie kwenye siasa zao. Na siku wakikuita kukaa hemani, sijui nikwambie nini, kwa sababu mimi nilikataa na mpaka leo nikikutana na yule kijana namwangalia viatu.

Kabla hujauza kitu chochote, panda gari uende Katumba, kwenye yale makazi ya wakimbizi, kwa Baba mkubwa. Alikimbia Burundi mwaka 1972, akaupata uraia wetu mwaka 2014. Mwombe akuonyeshe cheti. Atakitoa kwenye sanduku la bati, kimefungwa nailoni mbili, hatakubali ukishike. Muulize miaka 42 ile alikuwa nani. Mpe muda, huwa anaanza na habari za mihogo.

Ukirudi kutoka kwake na bado unataka, nipigie usiku. Na upige picha ndogo 20 za pasi, mandhari nyeupe. Huku zinakwisha upesi.