Ufadhili wa masomo ya bahari: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya bahari, kwetu Jambiani, Unguja. Mama analima mwani, namsaidia kufunga mbegu huku nikituma maombi ya ufadhili kila nionapo tangazo, hata la Marekani. Kote kimya. Barua ninayotuma nimeiambatanisha. Je, nina kasoro gani, au nikasome uzamili kwanza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la Marekani liache. Ufadhili wa Knauss, unaowapeleka vijana Washington kufanya kazi serikalini mwaka mmoja, ni wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu walio katika vyuo vya huko huko. Umemaliza bando bure.

Ufadhili wa POGO-SCOR, wa mashirika mawili ya kimataifa ya utafiti wa bahari, ndio wa kuutazama baadaye: mwezi mmoja hadi mitatu katika maabara ya nchi nyingine, na unawalenga watafiti wachanga wa nchi zinazoendelea. Ila lazima uwe na mwenyeji kule na taasisi hapa, nawe taasisi huna. Basi panda daladala uende kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja tangu 1978, uombe kujitolea kwa mtafiti wa mwani. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, nao wako hapa hapa Unguja. Ruzuku zao za utafiti, MARG, ni za watu wa ukanda wetu huu.

Sasa barua yako. Aya nzima unasema umeipenda bahari tangu utotoni. Nani asiyeipenda? Mwani hujautaja hata mara moja, na wewe umeushika asubuhi ya leo! Sema kwamba kotonii, mwani wa bei nzuri, inakufa maji ya kina kifupi yakipata joto, na kwamba aina ya pili, spinosamu, inastahimili zaidi lakini bei yake ndogo. Sema mama ameamua nini kuhusu shamba lake. Kisha nunua kipimajoto, fungua daftari: bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) au maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo), tarehe, saa, joto, kamba ngapi za mwani zimeoza. Daftari la msimu mmoja lina uzito kuliko vyeti vya warsha, ambavyo naona umevijaza ukurasa mzima.

Uzamili utakuja, tena ukiwa na swali lako mkononi. Barua ya kukupendekeza iombe kwa mtu aliyekuona ukilowa, na uiombe mapema. Watafiti wakiwa baharini simu hawapokei.