Maswali ya Wasomaji: Seva 12 ndani ya seva 3

SWALI: Kampuni yetu ina seva 12, na prosesa za nyingi hazifikishi asilimia 10 ya uwezo wake. Tumeshauriwa kuzigeuza mashine pepe, yaani seva za kiprogramu zinazokaa kadhaa ndani ya seva moja halisi, na kuziweka zote kwenye seva 3 ili tupunguze gharama na uchafuzi. Je, nafuu hiyo ipo kweli?

JIBU: Ipo, kwa sharti kwamba seva za zamani zichomolewe. Seva isiyo na kazi hailali: feni, kumbukumbu (RAM), diski na pawasaplai yake huendelea kula umeme, mara nyingi karibu nusu ya ule inaoula ikielemewa.

Pimeni kila seva kwa kipima umeme kwa wiki nzima. Tuseme wastani ni wati 250. Zote 12 ni kilowati 3, yaani uniti 26,280 kwa mwaka wa saa 8,760. Seva 3 zinazokula wati 350 kila moja zingetumia uniti 9,198. Mmeokoa uniti 17,082, na kiyoyozi hakijahesabiwa. Umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka ukiwa joto. Kiyoyozi kikihitaji nusu wati kuondoa joto la wati moja, ongezeni uniti 8,541.

Umeme wenu ukitoka kwenye makaa ya mawe, hewa ya ukaa itapungua sana. Ukitoka kwenye maji, kidogo. Lakini hata kuunda seva huchafua mazingira, kwa hiyo kabla ya kununua mpya, angalieni kama tatu kati ya mlizonazo zinaweza kuongezewa kumbukumbu. Tungeanzia hapo.

Kumbukumbu ndiyo huisha kwanza, prosesa baadaye. Rekodini matumizi halisi kwa mwezi mzima, na mwisho wa mwezi usikosekane, maana hapo ndipo mishahara na ripoti hukimbizana. Jumla ikiwa gigabaiti 192, wekeni gigabaiti 128 katika kila seva. Moja ikifa, mbili zilizobaki zina 256, na zinabeba mashine zote. Anayejaza seva tatu hadi ukingoni hana pa kukimbilia siku moja ikizima.

Leseni ndipo akiba huvuja. Windows Server Standard, mfumo endeshi wa seva, hata mkishalipia viini (cores) vyote vya prosesa, inaruhusu mashine pepe 2 tu kwa kila seti ya leseni. Seva itakayopokea mashine 6, nusu ya zote 12, mwenzake akizima inahitaji seti 3. Linganisheni na toleo la Datacenter, ambalo halina kikomo hicho. Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe, hutumika bila kulipia leseni. Usaidizi ndio hulipiwa.

SWALI: Tulihamisha mashine zote, sasa kila kitu ni kizito ingawa prosesa zimetulia. Kwa nini?

JIBU: Shukuni diski. Mashine 10 zinazosoma diski zilezile za kuzunguka hupanga foleni, hasa nakala rudufu zikianza zote saa 6 usiku. Zipishanisheni kwa dakika 30, na hifadhidata ihamie kwenye SSD, diski isiyozunguka. Kisha tafuteni picha za hali ya mashine (snapshot, zinazohifadhi mashine ilivyokuwa wakati fulani) zilizosahaulika: picha iliyoachwa wiki kadhaa huvimba, hupunguza kasi, na ikijaza diski mashine husimama. Ifuteni ndani ya siku 2 au 3. Wala si nakala rudufu, kwa kuwa inakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, vyote vinakwenda.