Hakuna Gundi ya Pua ya Tedi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa midoli hapa Tanga. Cherehani naijua vizuri, ila pua za sufu za kudunga kwa sindano nimeanza mwaka huu. Nina oda ya tedi ya mtoto anayetimiza mwaka 1. Mwili nimeshona kwa kitambaa cha manyoya, ndani nimejaza sufi. Pua nimeidunga kwa sufu nyeusi ya kondoo ikatoka nzuri, lakini baada ya wiki mbili ikaanza kubanduka pembeni. Nikatia supagluu. Sasa imekakamaa na imeota ukungu mweupe. Nikijaribu kuidunga tena sindano zinakatika, zimeshakatika tatu. Nitumie gundi gani isiyoacha alama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gundi hiyo haipo, na hata ingekuwepo nisingekutajia. Swali hili linanifikia kila mara, linabadilika jina la gundi tu: ya moto, ya mbao, ya viatu, ile nyeupe ya watoto wa shule. Ni wachache mno wanaouliza kwa nini pua imebanduka. Wengine wote wanataka kujua ya kuibandikia.

Pua ya sufu haikai kwa kubandikwa. Sindano ya kudungia ina vijino vidogo ubavuni karibu na ncha; hivyo vinakamata nyuzi chache za sufu, vinashuka nazo, na sindano ikirudi juu nyuzi zinabaki huko chini zimenasa. Kila ukidunga umeotesha kamzizi kamoja, na pua moja inataka mamia ya hivyo vimizizi. Vinapenya kitambaa, vinakwenda kushikana na kile ulichojaza ndani ya mdomo wa tedi. Kwa hiyo pua inashikiliwa na kitambaa na kijazio, na wewe kijazio ulikikosea kabla hujaishika sindano.

Sufu na sufi zinatofautiana herufi moja, na dukani nimeshauziwa moja kwa jina la nyingine. Sufu ya kondoo ina magamba madogo madogo na imejikunja, ukizisukuma nyuzi zake pamoja hazitaki kuachana. Sufi ya msufi ni nyuzi nyoofu, tupu ndani kama mrija, na kwa nje zina nta. Ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini, na ndiyo maana kuisokota kuwa uzi ni taabu. Ukiishindilia sufu ndani ya sufi ni kama kufunga fundo kwenye utelezi. Siitukani sufi. Waingereza walijazia tedi zao kwa miaka mingi na ziko zilizodumu mpaka leo, lakini pua za tedi hizo zilidariziwa kwa uzi. Hazikudungwa.

Sasa hiyo supagluu. Nakwambia kwa sababu niliwahi kuitumia, miaka ya mwanzo, kabla ya kuwa na akili. Nilitia tone moja pembeni mwa pua nikaibana kwa vidole viwili. Sekunde chache baadaye nikasikia joto, halafu maumivu, halafu kamoshi kembamba kakatoka. Gundi ya aina ile ikikutana na pamba au sufu huganda kwa kasi na kutoa joto kali, linatosha kukuunguza. Wakati huo sikujua. Nilidhani nimenunua feki. Huo ukungu mweupe unaouona ni mvuke wa gundi hiyo hiyo uliotua juu ya nyuzi ukakauka, na kwenye sufu nyeusi haufichiki. Usihangaike na asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Gundi italainika kweli, lakini yapo manyoya ya bandia ambayo nayo huyeyuka, utabaki na tedi yenye upara.

Kibaya zaidi kiko ndani. Siku moja nililetewa tedi nirekebishe, pua imetiwa gundi mara tatu na watu watatu. Niliikata kati kwa wembe. Juu ilikuwa laini, katikati imeganda rangi ya kahawia kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na chini ya ukoko ule hakuna unyuzi hata mmoja ulioingia kwenye kitambaa. Pua nzima ilikuwa imekaa juu ya manyoya ya tedi kama kofia. Gundi ilishika ncha za manyoya tu, na manyoya yenyewe yalikuwa yanang'oka.

Kuna watu wanaofundisha kwenye simu kwa dakika tano: viringisha sufu, chovya kwenye gundi, bandika, piga picha, pokea hela. Wanauza na vifurushi vyao, sindano mbili na kidonge cha sufu kisichotosha pua ya panya. Picha inapigwa dakika ya sita. Hakuna anayerudi baada ya mwezi kuonyesha mtoto amefanya nini na ile pua. Nikiwaambia, wananijibu kuwa mteja hajalalamika. Mteja hajalalamika kwa sababu hajui kwamba kuna aina nyingine ya pua.

Utakapotengeneza nyingine, ya tedi ya mtu mzima (nitakwambia kwa nini nasema mtu mzima), anza na mkasi. Punguza manyoya pale pua itakapokaa mpaka uone kitambaa chenyewe. Watu wengi wanaruka hapa wanadunga juu ya manyoya. Mdomo ujazwe pamba ya poliesta ya mito, au sufu chafuchafu isiyofaa kuonekana, ushindilie mpaka kidole gumba kisizame. Sufu ya pua iwe ya kondoo wa sufu kweli. Ya Corriedale, wanaofugwa nyanda za juu za Kenya, inashika vizuri. Ya Merino ni laini mno, inachukua muda na inabaki na vishimo vya sindano. Kondoo mwekundu wa Kimaasai na Dorper usiwahangaikie, hao ni wa nyama, walichonacho mwilini kimejaa nywele. Dunga umbo la pua juu ya sponji kwanza, lakini upande wa nyuma acha nyuzi zimetawanyika kama ndevu. Hizo ndevu ndizo unazozidunga kwenye mdomo wa tedi, kuzunguka ukingo wote, kisha unaongeza sufu nyembamba kufunika maungio. Sindano ya geji 36 au 38 kwa kazi hii, na 40 kwa kulainisha juu mwishoni. Namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Utajua imeshika ukipitisha ukucha chini ya ukingo na ukucha ukakosa pa kuingilia.

Nirudi kwenye kitu ulichokitaja kwa kupita, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Sindano tatu zimekatika.

Zimekatikia wapi?

Sindano hizi hazikubuniwa kwa mkono wa binadamu. Ni za mitambo ya kiwandani, zinapangwa maelfu kwenye ubao mmoja unaopanda na kushuka kutengeneza felti, kile kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa bila kufumwa, na ubao ule haujui kupinda. Matumizi ya mkono, sindano moja moja, yalianzia Marekani miaka ya 1980. Chuma chake ni kigumu na hakina subira: ikiingia kwa pembe moja ikatoka kwa nyingine, inakatika. Ikikuta gundi iliyoganda, inakatika. Na inakatika karibu na ncha, pale penye vijino, kipande cha milimita chache ambacho hakisikiki kikidondoka, kwa sababu mara nyingi hakidondoki. Kinabaki ndani.

Chukua sindano nzima, weka zile tatu pembeni yake mezani, linganisha urefu. Kila pungufu unaloliona lazima uwe na kipande chake mkononi. Kama huna, kiko ndani ya kichwa cha tedi, kinatazama juu, na vijino vyake vimeshanasa kwenye sufu. Pitisha sumaku ya spika mbovu, inasaidia, lakini sumaku ikikaa kimya usiseme hakuna kitu. Kipande kidogo kilichogandishwa na gundi hakiwezi kusogea. Mimi kimoja nilikipata kwa kidole gumba, wiki nzima baada ya kuapa kwamba nimekagua.

Na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu, wakubwa kwa wadogo. Tunazungumza uzuri wa pua, mng'ao wake, tundu zake, kana kwamba tedi zote zinakwenda kukaa kabatini. Tedi ya kupambia sebule weka pua ya sufu, weka macho ya kioo, fanya unavyotaka. Mtoto wa mwaka 1 hatazami pua ya tedi. Anaila. Ataitia mdomoni ikiwa imelowa mate, ataivuta kwa meno yale manne mapya, na sufu iliyodungwa, hata na fundi bora, itamwachia nyuzi kinywani mpaka siku itakapong'oka yote. Ulaya na Marekani vitu vya watoto chini ya miaka 3 hupimwa kwa kichupa chenye kipenyo cha milimita 31.7: kipande kikizama humo chote, kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Pua yako najua ni ndogo, itazama humo yote. Vivyo hivyo kifungo cha jicho, shanga, na zile pua za plastiki za kuchomeka zinazouzwa kwa dazeni bila kizuizi cha maana kwa nyuma.

Kwa watoto hao nadarizi, basi. Uzi wa pamba, mishono iliyolala karibu karibu kutoka juu kwenda chini, uzi uanzie na kuishia ndani ya mdomo, usifunge fundo juu juu. Inachukua nusu saa. Macho nayo nadarizi. Mama wa mtoto akikwambia aliona kwenye picha pua ya sufu, mwambie utamtengenezea mtoto akishakua, na umwambie kwa nini. Wengi wanaelewa haraka kuliko mafundi.

Kwa hiyo usinunue gundi, wala usifungue mshono kubadilisha sufi. Mwili wa tedi yako ni mzima, uache. Kichwa kitoe, ukate kingine kipya, ujaze upya, udarizi pua. Mteja mwambie siku ya kukabidhi imesogea. Kile kichwa cha zamani kichane kwanza uzitafute ncha zako tatu, uzifunge kwenye karatasi nene na selotepu, kisha masalia uyachome. Usikitupe jalalani kikiwa na sura yake. Kuna mtoto atakiokota.